Video ya "2 Become 1" ya Spice Girls: wanatembea polepole lakini midomo haipishani na wimbo. Walipigaje?

#1 Kiitikio
Wakuu, salaam.

Kwenye video ya 2 Become 1, singo ya Desemba 1996, Spice Girls wanapita katikati ya New York usiku. Magari nyuma yao yanachirizika mpaka yanakuwa mistari ya taa. Wao wenyewe wanakwenda kama watu walio ndani ya maji, nywele zinashuka bila haraka na makoti yanapepea kwa raha zake. Ila wakifumbua mdomo, kila silabi inaangukia pale pale ilipo kwenye wimbo. Picha ikipunguzwa mwendo si midomo nayo ingechelewa?

Dai langu: waliimba juu ya wimbo uliokimbizwa mara mbili, kisha picha ikarudishwa nusu. Anayebisha aje na hesabu.

#2 Taa_za_Mtaa
Hesabu ya nini mkuu? Walifunga mtaa wa New York usiku wa manane, wakaweka kamera kwenye reli, kazi ikaisha. Magari yale ni ya kukodi, yaliambiwa yakimbie.

#3 Pazia_Kijani
#2 hapana. Hakuna aliyekwenda New York kwa ajili ya video hiyo. Waongozaji ni Andy Delaney na Monty Whitebloom, wawili wanaofanya kazi kwa jina la Big TV!. Kundi lilipigwa picha studio, London, mbele ya skrini ya kijani. Picha za New York zilipigwa peke yake na kuwekwa nyuma baadaye.

Hilo linabadilisha swali la #1. Tuna picha mbili juu ya skrini moja, na kila moja ina mwendo wake. Ya nyuma inajieleza: kamera imesimama, inapiga fremu (picha) moja kila baada ya muda fulani, shata (pazia la kuruhusu mwanga kuingia) inakaa wazi kwa muda mrefu, gari linapita na kuacha mstari. Ya mbele ndiyo yenye ubishi.

#4 Fremu25
Hesabu imeombwa, hii hapa.

Televisheni ya Uingereza inakwenda fremu 25 kwa sekunde. Ukitaka mwendo wa nusu, kamera unaiendesha fremu 50 na wimbo studioni unauchezesha kwa kasi mara mbili. Tuseme wimbo ni wa mapigo 72 kwa dakika: waimbaji wanausikia kwa 144. Ubeti wa sekunde 20 unaimbwa kwa sekunde 10, kamera inakusanya fremu 500, ukizicheza kwa 25 unapata sekunde 20 kamili. Mdomo uko mahali pake, mwili umepungua mwendo.

Mambo huharibika kwenye taa. Shata ya nyuzi 180, yaani inayokaa wazi nusu ya muda wa kila fremu, kwa fremu 25 inamulikwa 1/50 ya sekunde. Kwa fremu 50 inakuwa 1/100, yaani umepoteza stopu moja nzima (nusu ya mwanga). Uliyekuwa unafungua lenzi 4 sasa unafungua 2.8 (namba ndogo ni tundu kubwa), na eneo linaloonekana kali mbele na nyuma ya mwimbaji linapungua. Watu watano wamesimama kwa kina tofauti, wawili wanaanza kuwa na ukungu. Hapo unaongeza taa badala ya kufungua lenzi, na skrini ya kijani nayo inadai sehemu yake.

Halafu kuna kumeta. Uingereza umeme ni hezi 50, kwa hiyo taa za kawaida za mirija yenye gesi zinapigapiga mara 100 kwa sekunde. Kwa 1/100 kila fremu inakula pigo moja kamili, uko salama. Jaribu fremu 60 kwa umeme huo huo uone picha inavyopumua. Dawa yake ni taa zenye balasti (kifaa cha kudhibiti umeme wa taa) ya kielektroniki au taa za waya wa tangsteni, maana waya ukishapata moto haupoi upesi.

#5 Mzee_wa_Tepu
Mchango wa #4 ni mzuri, ila amesahau masikio. Tepu ikichezwa mara mbili sauti inapanda okta moja nzima. Mwimbaji anasikia sauti yake kama ya kifaranga. Haimzuii kufuatisha midomo, maana mdomo hauhitaji noti, unahitaji kujua silabi inaanza lini. Shida inakuja kwenye pumzi. Pale wimbo wa taratibu unapompa nafasi ya kuvuta hewa kwa sekunde moja, studioni ana nusu sekunde, na anavuta kwa mshtuko. Picha ikipunguzwa mabega yanaonekana yakipanda kama mtu anayeibuka majini.

Kwa hiyo nakala ya pleibeki (wimbo unaochezwa studioni ili waimbaji waufuatishe) inaandaliwa kabla. Unapandisha kasi mara mbili, unaipitisha kwenye mashine ya kubadili noti ishuke okta, unaweka milio minne ya kuhesabu kabla ya kila ubeti. Namba za muda ziwe juu ya tepu hiyo hiyo na zionekane kwenye kibao cha kamera. Zikikimbia mara mbili studioni zitarudi mwendo wa kawaida filamu ikichezwa 25, na mhariri ataoanisha na tepu ya asili bila kubahatisha.

#6 Sauti_ya_Tatu
Hii singo yao ya pili au ya tatu? Naona watu wanaiita ya pili.

#7 Noti_Kuu
Ya tatu. Wannabe Julai 1996, Say You'll Be There Oktoba, 2 Become 1 tarehe 16 Desemba. Zote tatu zilishika namba moja Uingereza, na hii ikawa namba moja ya Krismasi.

#8 Taa_za_Mtaa
Sawa, nimerekebishwa kuhusu New York, asante #3. Lakini mbona nikiitazama midomo IMEPISHANA? Hasa kwenye kiitikio. Sauti inachelewa kidogo. Labda ndiyo dalili kwamba hesabu ya mara mbili haikukaa sawa.

#9 Mzee_wa_Tepu
#8 unasikilizia spika za simu au vile visikizio visivyo na waya? Bluetooth inaweza kuchelewesha sauti milisekunde 100 mpaka 200, na fremu moja ya televisheni ya Uingereza ni milisekunde 40. Umeshapoteza fremu mbili na nusu hadi tano kabla hujamlaumu mwongozaji. Baadhi ya programu hujirekebisha, nyingine hapana. Chomeka waya kisha utazame tena.

#10 Fremu25
Nyongeza kwa #9. Jicho halihukumu pande zote mbili sawa. Sauti ikitangulia picha, watu wanaanza kuhisi kwenye milisekunde 45 hivi. Ikichelewa, inavumilika mpaka kama 125. Vipimo hivyo vimo kwenye mapendekezo ya ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano) kuhusu utangazaji. Sababu yake iko kwenye maumbile: mtu akiwa mbali sauti yake hukufikia baada ya mwanga, ubongo umezoea. Kwa hiyo mhariri anayesitasita kati ya fremu moja mbele na moja nyuma, aache sauti ichelewe.

#11 Pazia_Kijani
Turudi kwenye hoja. Nina mashaka na mara mbili, na sababu zangu zote ni za skrini ya kijani.

Rangi ya kijani hurudi juu ya nywele na mabega. Ili isirudi, unamsimamisha mwimbaji mita mbili na nusu hadi tatu mbele ya skrini, unamulika skrini kwa taa zake peke yake, sawa pembe zote, kwa kiwango cha mwanga wa usoni au nusu stopu chini. Mwimbaji anapata taa ya nyuma ya kukata kingo za nywele. Sasa zidisha yote hayo mara mbili kwa sababu ya fremu 50. Studio inakuwa tanuri. Watu wamevaa makoti. Baada ya saa moja uso una jasho, jasho linang'aa, mng'ao unaokota kijani, na mashine ya kukata rangi inatoboa mashavu. Hilo la mwisho ni kosa baya, maana mandhari ya nyuma inapenya katikati ya uso.

Mimi naamini walipigwa mwendo wa kawaida kabisa, fremu 25, wimbo ukichezwa kama ulivyo. Upole mnaouona unatokana na vitu viwili: wimbo wenyewe ni wa taratibu, na nyuma yao jiji linakimbia mara 20 au 30 ya mwendo wake. Weka mtu anayetembea kawaida mbele ya magari ya namna hiyo, jicho litasema huyu anaelea.

#12 Kiitikio
#11 umenitikisa. Lakini nywele? Nywele hazidanganywi na mandhari ya nyuma.

#13 Pazia_Kijani
Feni kubwa ikizungushwa polepole, ikiwa pembeni na siyo mbele, inanyanyua nywele nzito na kuziachia pole pole. Feni ndogo ya kasi ndiyo inayozitapanya. Hiyo ni kazi ya siku zote kwenye video za nyimbo za mapenzi.

#14 Mizani
Wote mnapita pembeni ya njia ya tatu, ambayo kwangu ndiyo yenye nguvu. Kamera iendeshwe POLEPOLE, fremu 12 na nusu, na wimbo uchezwe nusu kasi. Mwimbaji anaimba kwa kukokota na kutembea kama kobe. Ukicheza kwa 25, mdomo unarudi mwendo wa wimbo, na mwili unakuwa na utulivu usio wa kawaida kwa sababu mtu amejitahidi kukaza kila hatua. Kila fremu imemulikwa 1/25, kwa hiyo ukungu wa mwendo mbele unakaribiana na michirizi ya nyuma. Na taa unazopunguza ni nusu, tanuri la #11 halipo.

Kwa mtindo huu unaweza hata kupiga picha mtaani bila skrini ya kijani: mwimbaji anakokota, watu na magari yanaruka nyuma yake, yote ndani ya kamera moja.

#15 Mzee_wa_Tepu
#14 njia ipo na inatumika, sipingi. Lakini ina alama zake. Kupepesa macho mtu hawezi kukupunguza kwa hiari. Kope hufunga na kufunguka kwa sehemu ya kumi ya sekunde hadi sehemu nne za kumi. Ukirekodi 12 na nusu ukacheza 25, kupepesa kunapita kwa fremu moja hadi tano tu, jicho linarukaruka kama ndege. Waimbaji huambiwa wasipepese kabisa kwenye mstari, wanakaza macho mpaka yanalia. Nionyeshe macho yanayorukaruka kwenye video hiyo.

#16 Mizani
Au nionyeshe anayepepesa katikati ya mstari wowote. Kutopepesa nacho ni ushahidi.

#17 Fremu25
Kipimo bora kuliko kope ni uvutano wa dunia. Kitu kinachoanguka mita moja kinatumia sekunde 0.45, yaani fremu 11 za televisheni ya Uingereza. Mita moja ni ndefu, kwa nywele tumia sentimita 20: sekunde 0.2, fremu 5. Kama picha ilipigwa kwa fremu 50, mshuko huo huo utachukua fremu 10. Kama ni 12 na nusu, fremu 2 na nusu tu. Nywele si jiwe, hewa inazishika, kwa hiyo chukua pindo la koti au hereni yenye uzito inayoning'inia. Hereni ni pendulumu. Yenye urefu wa sentimita 5 inakwenda na kurudi kwa sekunde 0.45 hivi, na kipindi hicho hakijali mwongozaji alitaka nini.

Simamisha video, kwenye YouTube tumia kitufe cha nukta kusogea fremu moja mbele na cha mkato kurudi nyuma, hesabu.

#18 Noti_Kuu
Kabla watu hawajaanza kuhesabu hereni, angalieni nakala mliyo nayo. Tepu za wakati ule zilihifadhi picha kwa mistari iliyogawanywa: nusu ya mistari sehemu ya 50 ya kwanza ya sekunde, nusu iliyobaki sehemu ya 50 inayofuata. Aliyepandisha mtandaoni akiunganisha vibaya utaona meno ya kitana kwenye kingo za kila kinachosogea. Nakala ikiwa imepitia mfumo wa televisheni wa Marekani inakuwa mbaya zaidi, kuna fremu zinazojirudia au fremu mbili zilizochanganywa. Ukizihesabu hizo utapata mwendo ambao haukuwahi kuwepo studioni.

#19 Sauti_ya_Tatu
Na hapo kwenye mfumo wa Marekani ndipo midomo huteleza kweli, si Bluetooth. Filamu ya fremu 24 ikihamishiwa video ya kule inakwenda 23.976, imepungua sehemu moja kwa elfu. Ukioanisha mwanzo wa wimbo wa dakika nne na sauti isiyopunguzwa, mwisho wake umeachana robo sekunde, fremu sita. Ndiyo maana kwa kazi ya Marekani wanaandaa nakala ya pleibeki iliyorekebishwa sehemu hiyo hiyo moja kwa elfu mapema. Uingereza mambo ni mepesi, piga 25 cheza 25. Aliyepiga 24 akacheza 25 wimbo unakimbia asilimia nne na noti zinapanda karibu robo tatu ya nusutoni, mwenye sikio anakereka.

#20 Mgeni_wa_Jukwaa
Samahani kuingilia, nauliza kuhusu wimbo wenyewe. Maneno ya kwenye albamu na ya kwenye singo hayafanani, au nimechanganya?

#21 Noti_Kuu
Hujachanganya. Kwenye albamu ya Spice kuna mstari unaosema wavulana na wasichana wanafurahiana pamoja. Kwenye singo umebadilishwa, sasa unasema mapenzi yataturudisha pamoja. Sababu inayotajwa ni kutowaacha nje wapenzi wa jinsia moja. Pia kuna mstari unaomkumbusha mpenzi kuwa na busara na kuvaa kinga, jambo ambalo kwa wimbo uliolengwa Krismasi na kununuliwa na vijana wadogo lilikuwa la ujasiri. Namheshimu sana aliyeuacha ubaki.

#22 Kanda_Mbili
Prodyuza si ndio wale wale wa timu ya Absolute?

#23 Noti_Kuu
Absolute ni wa Say You'll Be There. 2 Become 1 ni ya Richard Stannard na Matt Rowe, walioandika pamoja na kundi, ndio hao hao wa Wannabe. Aliyechanganya sauti za albamu ni Mark "Spike" Stent.

#24 Kanda_Mbili
Shukrani. Basi niweke la kwangu kuhusu sauti, maana uzi mzima ni kamera.

Wimbo wa taratibu wa kundi la watu watano ni mgumu kuliko wa kucheza. Kwenye mdundo wa kasi ngoma inaficha silabi zisizolingana. Hapa gitaa laini, fidla na nafasi tupu, kila "s" na "t" inasikika. Watu watano wakimaliza neno kwa "t" mara tano tofauti unapata mlio kama mvua kwenye bati. Prodyuza anamwachia mwimbaji mmoja tu konsonanti ya mwisho, wengine wanaimba vokali na kuacha neno wazi. Pumzi nazo zinakatwa kwenye sauti za pili, inabaki ya anayeongoza, kwa sababu pumzi yake ndiyo inayoleta ukaribu. Kila sauti ya kuitikia inarekodiwa mara mbili au zaidi, moja inasukumwa kushoto na nyingine kulia, katikati anabaki anayeongoza.

Sasa liunganishe na video. Singo ikibadilishwa mstari kama alivyoeleza #21, video lazima ipigwe kwa toleo la mwisho. Kubadilisha maneno baada ya kupiga picha kunakutega kwenye p, b na m. Herufi hizo zinafunga midomo kabisa na mtazamaji anaziona hata akiwa mbali. Vokali unaweza kudanganya, "m" huwezi.

#25 Fremu25
#24 hapo umegusa jambo linalorudi kwenye hoja ya #1. Ukiimba mara mbili ya kasi, midomo huvivia p, b na m. Inakaribiana bila kugusana. Picha ikipunguzwa mtazamaji anaona mtu anamung'unya. Kwa hiyo wakiwa kwenye 144 waimbaji huambiwa watamke kwa kutia chumvi, taya lishuke kabisa. Wenye jicho watazame kiitikio: midomo inafunga au inakaribiana tu?

#26 Pazia_Kijani
Inafunga. Ndiyo maana nasema 25.

#27 Kiitikio
Mimi naona inafunga kwa Emma na Melanie C, kwa Victoria inakaribiana. Lakini Victoria ndivyo anavyoimba siku zote, kwa hiyo si ushahidi.

#28 Mizani
Mfano usio na ubishi wa njia ya #1 upo, Yellow ya Coldplay, mwaka 2000. Kipande kimoja bila kukata, ufukweni Studland, kamera fremu 50, Chris Martin akiimba kwa kasi mara mbili. Pale mawimbi ya bahari ni shahidi, yanaanguka polepole kuliko bahari yoyote. Lakini angalieni: mtu mmoja, hewa wazi, mwanga wa mchana. Hakuna skrini ya kijani, hakuna watu watano wa kuoanisha. Ni rahisi zaidi kwa mbali.

#29 Taa_za_Mtaa
Kwa hiyo sisi tunaotaka kujaribu kwa simu tunafanyaje? Msitupe majina ya mashine za 1996.

#30 Fremu25
Anza na mradi, sio na simu. Simu yako ikipiga fremu 50, mradi uwe 25. Ikipiga 60 tu, mradi uwe 30. Ukichanganya 60 na 25 kizidishio ni 2.4, inawezekana, lakini kuoanisha kwa sikio kunakuwa mateso na mwimbaji hawezi kufuata.

Chukua wimbo, weka kasi iwe asilimia 200, washa kitufe cha kulinda noti ili usipande okta. Mbele yake weka milio minne kwa mapigo ya kasi mpya, na papo hapo mlio wa tano mkali utakaokuwa alama yako. Cheza kwa spika kubwa, si kwa simu inayorekodi. Shata ifunge kwenye 1/100 kwa umeme wa hezi 50, au 1/120 kwa hezi 60. Funga pia mwanga na rangi, vinginevyo simu itabadilisha katikati ya ubeti na mkato wa kijani utavunjika.

Kwenye kuhariri, punguza picha iwe asilimia 50, tafuta fremu yenye alama, ioanishe na wimbo wa ASILI. Usipunguze ile sauti iliyokimbizwa ukaitumia, imeshaharibika.

Linaloangusha wengi: simu nyingi hazishiki kasi moja ya fremu. Zinasema 50, zinapiga 49 kwenye giza na 50 kwenye mwanga. Mwanzo wa ubeti midomo iko sawa, mwisho imeteleza. Tumia programu ya kamera inayofunga kasi, au igeuze faili iwe ya kasi isiyobadilika kabla ya kuhariri.

#31 Pazia_Kijani
Na mandhari ya nyuma ukitaka michirizi: simu juu ya stendi nzito ya miguu mitatu, fremu moja kila sekunde, shata nusu sekunde. Sekunde 10 za video kwa fremu 25 ni fremu 250, yaani dakika nne na sekunde kumi za kusimama hapo. Mchana nusu sekunde itachoma picha, subiri giza au weka kioo cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi.

Kosa ambalo huonekana hata kwa asiyejua kamera ni upeo wa macho. Kama mtaa ulipigwa kamera ikiwa kimo cha kiuno na mwimbaji akapigwa kwa kimo cha macho, atakaa juu ya barabara kama stempu juu ya bahasha. Pima urefu wa kamera na pembe yake mtaani, andika, rudia studioni. Lenzi nayo iwe ya upana ule ule. Na taa: kama mtaani mabango yanamulika kutoka kushoto, taa ya rangi ikae kushoto kwake, ibadilike badilike kidogo. Hapo ndipo Big TV! walifanya kazi ya kupendeza, nyuso zinapokea rangi kama zipo kweli mtaani.

#32 Sauti_ya_Tatu
#31 hili la taa linanirudisha. Taa ya rangi inayobadilika usoni kwa fremu 50 ingebadilika polepole mno ikichezwa 25, labda mwendesha taa aiendeshe mara mbili. Kwangu hilo linasogeza mizani upande wa mwendo wa kawaida kwa vipande vya kuimba, na fremu 50 kwa vipande vya kutembea ambavyo hakuna anayefumbua mdomo. Si lazima video nzima iwe na kasi moja. Mhariri anaweka kipande cha kuelea kati ya vipande viwili vya kuimba, macho yanabeba hisia ya kwanza mpaka ya pili.

#33 Mzee_wa_Tepu
Hiyo ya #32 ndiyo njia ya bei nafuu na watu wengi huipitia. Ila kuna mistari pale ambapo mtu anaimba NA nywele zinaelea kwenye kipande kile kile. Kipande hicho hakielezwi na kuchanganya.

#34 Kanda_Mbili
Kuna kasi za katikati ambazo hakuna aliyezitaja. Kamera ya filamu haifungwi kwenye 25 na 50. Iweke 33 na theluthi, wimbo uukimbize kwa theluthi moja. Mapigo 72 yanakuwa 96, mtu anaimba bila kukimbizwa, p na m zinafunga, pumzi inatosha, taa unaongeza kidogo tu. Ukicheza 25 mwili una upole unaouhisi bila kuujua. Mshuko wa sentimita 20 wa #17 unakuwa kama fremu saba badala ya tano.

#35 Fremu25
#34 hesabu iko sawa: 33.3 gawanya kwa 25 ni 1.33, tano na kidogo zinakuwa saba kasoro kidogo. Lakini 33 kwa hezi 50 itameta. Nyuzi 180 inakupa 1/67, pigo moja na nusu la taa. Ungelazimika kupunguza shata mpaka nyuzi 120 ili kurudi 1/100, na kamera nyingi za filamu zinaruhusu hilo.

#36 Kanda_Mbili
Au taa za tangsteni, ulisema mwenyewe #4.

#37 Fremu25
Kweli, nilisema.

#38 Mgeni_wa_Jukwaa
Hii ilikuwa Krismasi 1997 au 1996? Kuna mahali nimesoma 97.

#39 Noti_Kuu
1996. Ya 1997 ni Too Much, ya 1998 ni Goodbye. Krismasi tatu mfululizo namba moja Uingereza, kabla yao waliofanya hivyo ni Beatles, 1963 hadi 1965. Ulikosoma 97 huenda walikuwa wanazungumzia Marekani, kule 2 Become 1 ilitoka 1997 na kufika namba 4.

#40 Kiitikio
Nimehesabu hereni kwa nakala safi isiyo na meno ya kitana. Kipande kimoja tu kina hereni inayobembea huru. Kwenda na kurudi: fremu 15.

Sasa sijui urefu wa hereni. Ikiwa sentimita 5, kawaida ingekuwa fremu 11, kwa hiyo 15 ni ile theluthi ya #34. Ikiwa sentimita 9, fremu 15 ni mwendo wa kawaida na #11 ameshinda. Ikiwa sentimita 2 na kidogo, ni mara mbili na nimeshinda mimi.

#41 Pazia_Kijani
Linganisha na kidole gumba kama mkono uko karibu na uso kwenye fremu hiyo.

#42 Kiitikio
Mkono upo mfukoni mwa koti.